Rungu, Sharti na Mkokoteni wa Madafu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Majengo hapa Mombasa, nasoma chuo, na jioni nauza madafu karibu na Mwembe Tayari ili nijilipie karo. Mwezi uliopita wanaume wanne waliovaa sare walinichukulia mkokoteni pamoja na madafu yote. Hawakuniambia kosa langu wala hawakunipa karatasi yoyote. Nilipouliza, mmoja alinijibu, “Sisi ndio sheria.” Wiki mbili kabla ya hapo vijana wenye panga walikuwa wameninyang'anya simu uchochoroni. Chuoni tunafundishwa kwamba dola ndiyo pekee yenye haki ya kutumia nguvu. Basi Mwalimu, wale wa panga na wale wa sare wanatofautianaje? Kama sheria ni nguvu tu, kwa nini niiheshimu? Na kama si nguvu, mbona kila inapofika mtaani kwetu inakuja na rungu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa simu. Kwa mkokoteni nakupa pole kubwa zaidi, maana wale wa panga walitaka simu tu, lakini wale wa sare walitaka mkokoteni na tena walitaka ukubali moyoni kwamba kuuchukua ni halali yao. Dai hilo la pili ndilo linaloitenga dola na genge, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Nianze kwa kukubali ulichokiona kwa macho yako. Mtu aliyesimama kando ya barabara anayaona matukio yale mawili yakifanana: kuna mwenye nguvu, kuna tishio, kuna mali inayokwenda. Mwaka 1832 mwanasheria Mwingereza John Austin aliieleza sheria karibu hivyo hivyo, kwamba ni amri ya mkuu ambaye watu wamezoea kumtii, na nyuma ya amri hiyo pana adhabu. Ukiishia kwa Austin, askari ni yule yule mwenye panga, ila huyu ana gari na mshahara. Mwaka 1961 mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart wa Chuo Kikuu cha Oxford alilikataa hilo, na mfano aliouchukua ni ndugu wa kisa chako: mtu anakuelekezea silaha na kukuamuru utoe pesa.

Kiswahili kinalifafanua jambo hili vizuri. Mbele ya panga ulilazimika kutoa simu. Hakuna mtu Mombasa hii atakayesema ulikuwa na wajibu wa kuitoa. Ungepata upenyo ukakimbia, mama yako angemshukuru Mungu na majirani wangekupongeza. Lakini yule mzee anayekuletea madafu kwa mkopo kutoka Kilifi, una wajibu wa kumlipa hata siku asipokuja kudai, hata kama hana nguvu za kuinua panga. Utii ambao sheria inaudai ni wa aina hii ya pili. Kwa hiyo askari anaposema “Sisi ndio sheria” anadhani ameipandisha sare yake, na kumbe ameishusha sheria hadi kwenye uchochoro ulikoporwa simu.

Hata hivyo sitaki nikupe sheria iliyopakwa marashi. Wapo wanasheria, na nimefundisha pamoja nao, wanaopenda kusema kwamba sheria ni hekima, na nguvu ni jambo linalotokea pembeni tu mambo yakiharibika. Mimi siamini hivyo. Hukumu inayosomwa mahakamani ingebaki maneno kama hapangekuwa na dalali wa kuinadi nyumba, polisi wa kumshika mtu mkono, askari jela wa kufunga kitasa. Robert Cover, aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba kila hakimu anapofasiri sheria, mahali fulani kuna mtu atakayepoteza uhuru wake, mali yake, watoto wake, pengine hata uhai wake. Hakutaka mahakimu wajifiche nyuma ya wino. Mtu akikuambia kwamba rungu lilifika Mwembe Tayari kwa bahati mbaya, usimkubalie. Rungu limo ndani ya sheria tangu mwanzo. La kuuliza ni nini kinachouzuia mkono uliolishika.

Sasa lisikilize neno lenyewe. Kumlazimisha mtu kwa nguvu afanye asilolitaka tunakuita kushurutisha. Shuruti ni ndugu wa sharti, na yote mawili asili yake ni Kiarabu, ambako hutaja masharti ya mapatano. Ukiweka nyumba rehani pana masharti, ukipanga chumba pana masharti. Methali tuliyoikariri sote inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Itazame tena kwa utulivu: anayefungwa na sharti pale ni nani? Ni yule anayekitaka kitu, wala si kile kilichoko mvunguni. Basi serikali ikiutaka mkokoteni wako, sharti iiname. Kwa maoni yangu jambo lote liko hapo. Nguvu ya dola inakuwa ya kisheria pale inapofungwa na masharti ambayo mwenye nguvu mwenyewe hana ruhusa ya kuyaruka. Akiyaruka, shuruti imebaki bila sharti, na kwa wakati huo wewe huna sababu ya kumtofautisha na yule aliyekupora simu, hata awe na sare mpya na vifungo vinavyong'aa.

Hilo mlilofundishwa chuoni ni la mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, katika mhadhara alioutoa Munich Januari 1919, na mara nyingi husimuliwa kwa kuruka neno moja. Weber alisema dola ni jumuiya ya watu ambayo, ndani ya eneo lake, inadai kwa mafanikio kwamba ni yake peke yake nguvu iliyo halali. Inadai. Alikuwa anaeleza hali kama daktari anavyoeleza homa, hakuwa anaigawia dola kibali cha kupiga. Tena uhalali huo hautoki kwenye rungu lenyewe, lazima utoke mahali pengine. Kwetu Kenya pameandikwa: Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na vyombo vya dola vimekabidhiwa. Mpwani anajua amana ni nini. Aliyewekewa amana hajapewa.

Turudi kwenye mkokoteni. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia masoko na leseni za biashara, kwa hiyo sikuambii kwamba kuuza madafu kando ya barabara ni haki isiyogusika. Huenda ulikuwa na kosa. Lakini hata mwenye kosa ana masharti yanayomlinda. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Maneno ya askari si sheria iliyotungwa, na “chai” anayoombwa mchuuzi si ada. Kifungu cha 40 kinalinda mali, na hakikusema mali ni majumba ya Nyali pekee. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa kisheria, wenye busara na unaofuata utaratibu wa haki, na mtu ambaye haki yake imeguswa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Wazee husema serikali ni siri kali. Asili ya neno ni Kiajemi na haihusiani na siri, lakini watu hawakulisoma hivyo bure: wamezoea kuguswa na mkono usiojieleza. Kifungu cha 47 kiliandikwa kwa ajili ya mkono huo. Kwa kipimo chake, wale wanne walipaswa kukuambia wao ni nani, umevunja sheria gani na kifungu gani, mali yako inapelekwa wapi, na kukuachia karatasi yenye orodha ya vitu walivyobeba. Karatasi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Inakifanya kitendo kiwe na mwenyewe, chenye tarehe na sahihi, kitu unachoweza kukiweka mbele ya hakimu akakikagua. Mwizi hakuachii risiti kwa sababu hataki kuulizwa. Askari anayeondoka bila kuacha karatasi, yeye hataki nini?

Liko na la madafu yenyewe. Dafu huharibika. Kuchukua bidhaa inayooza na kuikalia kwa siku kadhaa ni kumwadhibu mtu kabla hajasikilizwa, na Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Na lau wangekukamata wewe mwenyewe, Kifungu cha 49 kinadai uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia mahakama ikiwa imefungwa. Kinaongeza jambo ambalo wachuuzi wengi hawalijui: kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake. Ningependa maneno hayo yasomwe kwa sauti katika kila soko, kuanzia Marikiti hadi Kongowea.

Mfano ulio wazi kuliko wote tunao hapa hapa kwetu. Tarehe 27 Machi 2020 ndiyo siku kafyu ya korona ilipoanza nchini, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wewe ulikuwa bado mdogo, lakini unaijua Likoni. Wakati ule mtu aliyetoka kazini kisiwani na nyumba yake iko ng'ambo hakuwa na njia ya kuvuka ila feri, na feri haiji kwa kuitwa. Kabla saa moja haijafika, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakiingoja feri na kuwarushia vitoa machozi. Nataka uifikirie shuruti ile. Kushurutisha, hata kule kukali, huwa kuna mlango: fanya hivi, na nguvu itakoma. Lipa kodi, dalali hatakuja. Funga duka, askari ataondoka. Aliyepigwa pale Likoni alikuwa akitakiwa afanye nini? Alikuwa anakwenda nyumbani, jambo lile lile ambalo kafyu ilimtaka afanye. Hakukuwa na amri ambayo angeitii ili apone. Nguvu isiyo na mlango wa kutokea haitekelezi sheria yoyote, inaumiza tu.

Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu. Tarehe 16 Aprili 2020 mahakama ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumika kuitekeleza zilikiuka Katiba. Soma uamuzi huo polepole, kwa kuwa ndilo jibu la swali lako likiwa limepigwa muhuri. Kanuni moja, sare zile zile, watu wale wale. Amri ikabaki kuwa sheria, na kipigo kikaambiwa si sheria. Wala masharti yaliyovunjwa hayakuwa mageni: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na akitumia nguvu zilingane na lengo, na uzito wa kosa, na ukaidi wa mtu. Linamtaka afisa mwenye sare avae jina au nambari inayoonekana. Na linasema, nalifurahia sana hili, kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Lakini hapa lazima nijipinge mwenyewe, maana mtu anaweza kuandika masharti mazuri na bado akadhulumu. Nenda Ngomeni, pale Fort Jesus, jioni moja. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593. Waingereza wakaigeuza jela mwaka 1895, ikawa jela hadi 1958, na wataalamu wa lugha hulitoa neno gereza kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Waafrika, Waswahili na Waarabu waliofungwa mle hawakufungwa na majambazi. Walifungwa kwa daftari, hati na mihuri. Kodi ya kibanda ya mwaka 1901 ilikuwa sheria. Kipande, yaani cheti cha usajili ambacho mwanamume Mwafrika alikitembeza shingoni ndani ya kikasha cha bati, kilikuwa sheria tangu mwaka 1915. Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama mwaka 1913 kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa akapelekwa mbali na kwao, na aliyetia sahihi bila shaka aliamini anatekeleza sheria. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, na mgomo wao ulikuwa wa mishahara na maisha, lakini pia ulikuwa wa kuambiwa daima fanya bila kuulizwa wataka nini.

Hivyo kuna swali la pili nyuma ya lile la sharti: sharti hili liliwekwa na nani, na je, linamfunga na yeye? Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria ya mkoloni ilikuwa panga lenye makali upande mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na mwalimu yeyote anayesema kitu kikishapitishwa na kuchapishwa kwenye gazeti la serikali mjadala umekwisha. Sheria ndogo za biashara zikitungwa bila wachuuzi kuitwa, zikaweka ada ambayo muuza madafu hawezi kuilipa na faini inayozidi mtaji wake, zitakuwa zimefuata umbo la sheria, na bado zitanuka kipande. Katiba inataka umma ushirikishwe katika kutunga sheria hizo. Ni haki ambayo watu wa Majengo na Kisauni hawaitumii vya kutosha, na nawalaumu wasomi kuliko wachuuzi, kwa sababu mikutano hutangazwa kwa lugha na mahali ambapo mchuuzi hapiti.

Umeuliza pia juu ya nguvu, na hapa Kiswahili kinatuchanganya kidogo, kwani tunasema “wenye nguvu” tukimaanisha wenye rungu na wenye mamlaka kwa pamoja. Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alivitenga vitu hivyo mwaka 1970. Mamlaka hutoka kwa watu wengi wanaokubali kutenda pamoja. Mabavu hutoka kwenye vyombo, na mtu mmoja mwenye silaha anaweza kuwa nayo. Akasema mabavu hujitokeza pale mamlaka yanapoponyoka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Mombasa. Hakuna idadi ya askari inayoweza kuwasimamia wote hao kila saa. Mji unakwenda kwa sababu wengi wetu, siku nyingi, tunafuata sheria bila rungu lolote kuonekana. Serikali inayolazimika kutoa rungu kwa kila jambo inatuonyesha kwamba imepungukiwa. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kote nchini, na hapa Mombasa pia, kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Silaha zilikuwa upande mmoja. Kilichoubadilisha uamuzi kilikuwa upande mwingine.

Wala si mawazo ya Wazungu peke yao. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini aliyeandika karne ya 14, alionya kwamba dhuluma huangamiza maendeleo ya nchi, na akasema watu wasidhani dhuluma ni kumnyang'anya mtu mali bila malipo tu. Kumtumikisha kwa nguvu ni dhuluma, kumdai haki isiyokuwepo ni dhuluma, kumtwika wajibu ambao sheria haikuuweka ni dhuluma. Sababu aliyoitoa ni ya kiuchumi kabisa: mtu akishaona kazi yake inachukuliwa anaacha kufanya kazi, na masoko yanakufa. Nilipoisoma barua yako nilimkumbuka yeye kabla ya Weber.

Kwa nini basi uiheshimu sheria? Kwa sababu siku ile, kati ya watu watano waliokuwa kando ya mkokoteni, aliyeuliza “kosa langu ni nini?” ndiye aliyekuwa upande wa sheria. Ulikuwa wewe. Kuiheshimu sheria hakukulazimu kumheshimu kila aliyeshika rungu. Kunakulazimu wewe kutopigana barabarani, kwa kuwa ukirusha ngumi utawapa sababu ambayo hawakuwa nayo, na kunawalazimu wao kujibu unapowauliza.

Sasa la kufanya. Andika barua fupi kwa ofisi unayoamini walitoka, uombe sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, peleka nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, na ikiwa walikuwa polisi, kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Ikifika mahakamani, ujue kwamba Kifungu cha 22 kinasema kesi ya kudai haki za Katiba haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kuipokea hata kwa barua isiyo na umbo la kiwakili. Mtafute shahidi mmoja kati ya wachuuzi wenzako akiwa bado anakumbuka. Tarehe, saa, nambari ya gari kama kuna aliyeiona, rangi ya sare, thamani ya mkokoteni: viandike leo usiku, kabla hujasahau madafu yalikuwa mangapi.